Dada, Anza na Magaga

Wadau, wiki hii naomba mniruhusu nitoke kwenye siasa kidogo. Najua wapo watakaosema huyu kijana kaishiwa habari mpaka anaandika mambo ya kucha. Semeni tu. Lakini piteni mtaani kwenu, iwe Mbagala, iwe Tegeta, iwe Gongolamboto, mhesabu milango yenye kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: HAPA TUNABANDIKA KUCHA. Nyuma ya kila mlango ule yupo mtu, mara nyingi msichana wa umri wangu, aliyeweka pale akiba yake yote. Au mbaya zaidi, akiba ya watu wengine. Hiyo nayo si habari?

Jamaa mmoja chumba cha habari ameshaniuliza mimi mwanamume kucha zinanihusu nini. Nikamwambia, wale vijana wanaozunguka na vikapu vya rangi wakigonganisha chupa mitaani Dar es Salaam, wengi wao ni akina nani? Si wanaume wenzetu? Miaka nenda rudi wamekaa barazani wameshika miguu ya mama zetu, wakakata, wakasugua, wakapaka, wakapokea chao wakaondoka. Hakuna aliyewauliza kucha zinawahusu nini.

Hoja yangu naitoa mapema ili msije mkasema nazunguka. Mtu anayeanza biashara ya kucha nyumbani kwake, na mtaji ni mdogo, asichague huduma kwa kuangalia ipi ina bei kubwa. Achague ile ambayo majirani zake watairudia, na ambayo ikienda vibaya anaweza kuiondoa mwenyewe bila kumuumiza mtu. Kwa mitaa yetu mingi hiyo maana yake ni miguu: kusugua magaga, kukata, kusafisha, rangi ya kawaida. Na hina. Jeli ije baadaye. Akriliki iwe ya mwisho kabisa.

Nimeyafikiria haya kwa sababu ya dada yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, anakaa Mbagala, chumba na sebule, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Duka alilokuwa anauza lilifungwa. Akaamua kubandika kucha. Uamuzi mzuri, mkono anao, tangu tukiwa wadogo yeye ndiye alikuwa anatupamba watu wazima kwa watoto siku za harusi. Kwenye kikoba alikuwa na laki nne. Tatizo lilianza alipoandika orodha ya vitu vya kununua. Mashine ya kusagia kucha, taa ya kukaushia, unga wa akriliki na majimaji yake, tipu, gundi, chupa thelathini za rangi za jeli, kiti cha kuzunguka, na bango lenye picha ya vidole vya mtu ambaye hajawahi kufua nguo maishani mwake. Jumla milioni moja. Sasa laki sita zitoke wapi? Akanitajia mkopo. Mnaujua ule, kausha damu. Laki sita, marejesho elfu 65 kila wiki kwa wiki 12. Zidisheni wenyewe: laki saba na elfu themanini.

Nilipomuuliza kwa nini aanze na akriliki, akasema, "Mdogo wangu, huko ndiko kwenye hela. Rangi ya kawaida vijana wa chupa wanapaka kwa bei ya kutupwa, mimi nitashindana nao vipi?"

Ni swali la haki, nitalijibu. Lakini kwanza tulifanya kitu ambacho naona kila anayetaka kuanza angekifanya kabla hajakanyaga Kariakoo. Tulikaa barazani jioni moja na daftari, tukawaorodhesha wanawake wa mtaa ule tunaowajua, na mbele ya kila mmoja tukaandika mikono yake inafanya kazi gani.

Lile daftari lilisema mengi. Kulikuwa na mama lishe wawili na mama wa chapati mmoja. Hawa wanakanda unga, wanakuna nazi, wanamenya vitunguu. Mtu wa hivyo ukimbandika kucha ndefu umemfukuzia wateja wake, nani atakula chapati iliyokandwa na plastiki? Kulikuwa na muuguzi wa zahanati. Huyo akriliki hapaswi kabisa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na za kwao wenyewe zisizidi nusu sentimeta. Kulikuwa na walimu wa shule ya msingi. Kulikuwa na wasichana wa sekondari, ambao kucha zao zinakaguliwa mstarini. Kulikuwa na kinamama wanaofua kwa mikono nguo za watoto wanne watano. Na kulikuwa na wengi tu, tena Mbagala ndio usiseme, wanaoswali swala tano.

Hapa kwenye swala tusimame, maana ni jambo linalosahauliwa na wanaonakili orodha za huduma kutoka mitandaoni. Rangi ya kucha ni utando. Maji ya udhu hayapiti. Kwa hiyo mwanamke anayeswali akipaka rangi, anaipaka siku zile ambazo haswali, akimaliza anaifuta. Sasa wewe umpake jeli ya kukaa wiki mbili, au umbandike akriliki ya kusagwa kwa mashine ndiyo itoke, unategemea atafanyaje? Hatakuja. Wala hatakwambia kwa nini, atakusalimia tu akipita. Lakini huyo huyo anahitaji hina. Hina haiweki utando, inaingia kwenye ukucha wenyewe na kuubadilisha rangi, na itabaki pale mpaka ukucha ukue uishe. Eid mbili kwa mwaka, na harusi zisizokatika. Kwa mtaa kama ule, kuacha hina kwenye orodha ya huduma za kucha ni sawa na kufungua mgahawa usio na wali.

Ila hina iwe hina. Nasema hivyo kwa sababu ya piko. Wengi wanapenda weusi ule unaotokea haraka, lakini piko ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali inayoitwa PPD ambayo ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu yanayofuata mchoro ule ule wa maua. Mbaya zaidi, mwili ukishaikataa mara moja unaweza kuikataa maisha yote, hata siku atakapopaka rangi nywele tu. Ulaya na Marekani haina ruhusa ya kupakwa kwenye ngozi. Hina ya majani inataka subira, saa nne, saa sita, mtu kajifunga vitambaa. Sawa, asubiri. Bi harusi mwenye malengelenge siku ya harusi yake hatakusamehe, na shangazi zake ndio kabisa.

Turudi kwenye daftari. Wanawake ambao kwa kazi zao na mifuko yao wangeweza kukaa na akriliki mwezi hadi mwezi tuliwahesabu wakawa wanne. Mmoja kati yao anabandikiwa na rafiki yake wa Kinondoni. Wakabaki watatu.

Nikachukua kalamu. Tuseme anatoza elfu 30 kwa akriliki, na vifaa vinavyotumika, unga, majimaji, tipu na gundi, ni kama elfu 8. Kinabaki elfu 22. Ili apate marejesho ya elfu 65, bila kula, bila umeme, anahitaji wateja watatu kila wiki. Ukucha wa mkono unakua kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu lile pengo la chini linaonekana na mteja anarudi kujaziwa, tena kwa bei ndogo kuliko ya mwanzo. Ukifuata hesabu hiyo, anahitaji wanawake tisa wasiokosa, waliojaa muda wote. Tunao watatu. Na hapo sijaweka zile kucha za bure. Anayejifunza, kati ya kucha kumi mbili tatu zitanyanyuka kabla ya wiki kuisha, mteja atarudi amekasirika, utamrudishia kwa vifaa vyako.

Hesabu ya miguu nayo sitaipamba. Ukitoza elfu 6 kwa kuloweka, kukata, kusugua magaga na kupaka rangi, vifaa vikala elfu moja, unabaki na elfu 5. Wawili kwa siku ni elfu 70 kwa wiki. Kwa kuwa mtu harudi kabla ya wiki mbili tatu, unahitaji watu kati ya 28 na 42 wa kudumu. Ni wengi kuliko tisa! Lakini hawa wapo. Nyumba zenyewe ni za kupanga, vyumba sita vyumba nane kila moja, na miguu kila mtu anayo. Muuguzi anayo, mama lishe anayo, mwalimu anayo. Bibi mwenye nyumba anayo, tena ya kwake ina magaga unaweza kufichia sarafu. Vumbi la Mbagala halina likizo. Na bila ule mkopo hana haja ya kufikisha elfu 70 wiki ya kwanza. Akipata wateja sita amekula, hakuna anayekuja Jumatatu kuchukua televisheni.

Sasa vijana wa chupa. Dada anasema hawezi kushindana nao kwa bei, na ni kweli, asijaribu. Lakini yeye ana kitu ambacho wao hawana: mlango. Mwanamke aliyevaa hijabu hapendi kukaa barazani mwanamume kamshika mguu huku daladala zinapita. Wapo ambao waume zao hawataki. Wapo ambao hawana shida ya mume wala hijabu, wanaona aibu tu magaga yao kuonekana na mtaa mzima. Ndani kuna beseni, maji ya vuguvugu, kiti, pazia, na mtu wa kuzungumza naye. Nawaambieni stara ni bidhaa, na ndiyo bidhaa pekee ambayo mtu anayefanyia kazi nyumbani anaizalisha bure. Kijana wa chupa hawezi kuiuza hata kwa elfu kumi.

Akriliki niiseme vizuri, isije ikaonekana naichukia. Ilitokana na kazi ya meno, ni jamii ile ile ya plastiki inayotumika kutengenezea meno ya bandia. Unachanganya unga na majimaji, vinakamatana, vinakuwa vigumu. Fundi anayeijua anafanya kazi ya kupendeza sana. Kasoro inaanzia kwenye majimaji. Kuna aina inayofaa, EMA, na kuna aina ya bei rahisi, MMA. Huko Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilipokea malalamiko ya watu walioumia kwa MMA miaka ya 1970, ikaenda mahakamani na bidhaa zikaondolewa sokoni. Kinachoudhi ni kwamba MMA inashika kupita kiasi. Haiyeyuki kwa asetoni kama inavyotakiwa, na mtu akijigonga kwenye mlango, badala ya kucha ya bandia kuvunjika, inang'oka na ukucha wake. Ukiona majimaji yananuka kukata pua, bei ni ya ajabu, chupa haina maandishi ya maana, na kucha ikishakauka inakataa tupa, weka chini, toka dukani. Usimamizi wa vipodozi nchini tangu 2019 upo TBS, kabla ya hapo ulikuwa TFDA, lakini chupa iliyomiminwa upya uani Kariakoo hakuna ofisi inayoweza kukusomea.

Halafu kuna hili la chumba. Dada alipanga kufanyia kazi sebuleni. Sebule hiyo hiyo ndiyo jiko likinyesha, ndipo mtoto anapotambaa na kulala mchana. Mvuke wa yale majimaji na wa asetoni ni mzito kuliko hewa, unashuka sakafuni, yaani pale pale alipo mtoto. Na unashika moto. Mtungi wa gesi uko hatua tatu. Vumbi la kusaga kucha nalo linaenda kwenye matandiko na kwenye uji. Saluni yenye madirisha mawili na feni ya kutoa hewa nje ni jambo jingine. Nyumbani kwa mtu mwenye mtoto mdogo, mimi kwa maoni yangu akriliki haina nafasi, hata kama wateja wangekuwa ishirini. Hapo ndipo tulipogombana kidogo, dada akaniambia nimeanza kuongea kama mzee.

Jeli iko katikati na ndiyo inayonipa shida kuiamulia. Inadumu wiki mbili bila kubanduka, haina harufu ile, taa zake si ghali sana siku hizi, na kwa wasichana wa ofisini ina soko. Siipingi. Lakini nimesoma vya kutosha kuona kwamba watu wengi wanaichukulia kama rangi ya kawaida iliyoongezewa taa, na sivyo. Jeli mbichi ikigusa ngozi, ikafanya hivyo mara nyingi, inaweza kumletea mtu mzio. Vidole vinawasha, vinachubuka, kucha zinaachia. Mkosaji mkubwa ni kemikali inayoitwa HEMA, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya unataka bidhaa za kucha zenye kemikali hiyo ziandikwe kuwa ni za mafundi tu. Mzio huo hauponi, na kwa kuwa jamii hiyo ya kemikali inatumika pia kuziba meno, mtu anaweza kuja kupata taabu kwa daktari wa meno kwa sababu ya rangi ya kucha. Anayepata mzio haraka kuliko wote ni nani? Si mteja anayekuja mara moja kwa wiki mbili. Ni fundi anayeishika kila siku.

Tena taa na jeli lazima viendane. Ukinunua taa hii hapa na jeli ile kule, juu itaonekana imekauka na kung'aa, ndani bado mbichi, na mteja anatembea nayo wiki mbili. Na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 Ulaya wamepiga marufuku kemikali nyingine inayosaidia jeli kukauka, TPO. Swali la mwandishi wa habari: chupa zilizokuwa zimeshatengenezwa zikakosa soko kule zinakwenda wapi? Sina jibu, ila nawashauri dada zangu wasome maandishi madogo kwenye chupa kabla ya kushangilia punguzo la bei. Jeli aianze mtu aliyefundishwa, iwe VETA, iwe kwa fundi anayeaminika, na ajue kuitoa kabla hajajua kuipaka. Kuitoa ni pamba yenye asetoni, karatasi ya foili, dakika kumi hadi kumi na tano, halafu unasukuma taratibu. Ukiona fundi anaibandua kwa kuivuta, anavuta na tabaka la juu la ukucha wako.

Kipimo changu kinatoka hapo hapo. Kabla hujaiweka huduma kwenye orodha, jiulize: kesho mteja akija analia, naweza kuitoa? Rangi ya kawaida inatoka kwa pamba. Magaga hayana cha kutoa. Hina inaisha yenyewe. Kucha za kubandika za harusi, zile za gundi kidogo au stika, zinatoka kesho yake kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, na nadhani hizi ndizo zingempa dada ile sehemu ya urembo anayoitamani bila sumu. Mtu wa kicheni pati anataka kucha za usiku mmoja. Mpe za usiku mmoja.

Dada alinikumbusha jambo moja ambalo sikuwa na la kumjibu haraka. Alisema, "Sasa mimi nitapiga picha gani niweke Instagram? Magaga?" Hapo alinipata. Kweli kabisa, biashara ya siku hizi inaonekana kwa picha, na kisigino hata kikiwa kimetakata vipi hakivutii macho kama kucha ndefu zenye mawe. Atakayeanza na miguu atakua polepole, kwa maneno ya mdomo, jirani kumwambia jirani. Lakini wanaomtazama huko mitandaoni wako Mwanza, Arusha, Muscat, hawatapanda basi kuja Mbagala kubandika. Anayekuja ni yule anayeweza kutembea na kandambili.

Na mitindo yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Mnakumbuka Septemba 2018, Spika wa wakati ule, marehemu Job Ndugai, alipopiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini na kope na kucha za bandia? Nchi nzima ilicheka, wengine wakakasirika, na mimi sioni kama ilikuwa kazi ya Bunge kukagua vidole. Lakini kwa anayeweka mtaji wake wote kwenye huduma moja, lile lilikuwa fundisho. Kesho shule, benki, hoteli, ofisi yoyote inaweza kutoa tangazo la namna hiyo na wateja wako wakakatika ndani ya wiki. Sijawahi kusikia kiongozi aliyepiga marufuku visigino laini.

Usafi nauweka mwishoni ingawa kwangu ndio wa kwanza, kwa sababu miguu nayo ina hatari zake na sitaki mtu aseme nimemwambia ni kazi ya mchezo. Fangasi wanahama kwa beseni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha. Kwa hiyo kikata kucha na tupa ya chuma vioshwe kwa sabuni kwanza, halafu vilowekwe dakika kumi kwenye dawa ya klorini. Ile ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Kisha visuuzwe, vikaushwe, maana klorini inaozesha chuma. Tupa za karatasi mteja aondoke na yake, ni bei ya andazi. Wembe kwenye kisigino hapana, hata mteja akiomba. Na mwenye kisukari aulizwe kabla mguu haujaingia kwenye beseni, kwa sababu mguu wake unaweza usisikie maji ya moto wala mkato, na kidonda kidogo kwake ni safari ya hospitali. Huyo apakwe rangi na mafuta, kusugua aachiwe daktari wake aseme.

Mpaka naandika hapa, dada hajachukua ule mkopo. Zile laki nne hazijaisha hata. Amenunua mabeseni mawili, stuli, viti viwili vya plastiki, birika, taulo kumi, chupa kumi na mbili za rangi, hina, na pazia zito la sebuleni. Jeli amesema ataisomea baada ya Eid, taa atanunua akiwa na cheti mkononi. Akriliki tumekubaliana tusiizungumzie mpaka apate fremu ya duka.

Tunachobishana sasa ni bei ya bibi mwenye nyumba. Mimi nasema yule ni mzee, tena ndiye mwenye nyumba, asuguliwe bure mwezi wa kwanza, atawaambia wapangaji wote. Dada anasema hapana, nimekwenda kuiangalia ile miguu kwa karibu? Anasema kwa magaga yale atatoza mara mbili, na jiwe la kusugulia bibi aje nalo mwenyewe.